Kijito Tulichopewa Kukilinda

Wiki iliyopita tulimzika Otilia. Wajukuu zake walibeba jeneza, nami nilitembea nyuma yao polepole na fimbo yangu, nikijua kwamba kati ya watoto kumi na wanne tuliosoma pamoja kwenye kile kibanda cha matete, sasa hapa kwetu nimebaki peke yangu. Makaburini mtu mmoja aliniuliza tulijuana tangu lini. Nikamjibu kwamba tangu utoto, nikaishia hapo. Sikumwambia kwamba Otilia ndiye aliyekuwa pamoja nami asubuhi ile kijitoni, akaona nilichokiona, akanyamaza. Maisha yetu yote hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Sasa sina tena wa kunyamaza naye, na ndiyo maana ninaliandika. Ninyi wa rika langu, mliolelewa wakati wa Mdachi, mtanielewa. Mnakumbuka jinsi mambo makubwa yalivyopita juu ya vichwa vyetu huku sisi tukiendelea kucheza.

Kitongoji chetu kilikuwa mwendo mfupi kutoka Ifakara, upande wa milimani, kando ya kijito kinachoteremka hadi kuingia mto Lumemo. Shule yetu ilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo sita, na kuta za matete zilizofika kifuani kwa mtu mzima. Padre alimleta mwalimu, akamwacha hapo, akawa anapita mara moja baada ya miezi mingi. Mwalimu huyo aliitwa Matia. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kanzu moja iliyojaa viraka. Alipokuwa mtoto alinyang'anywa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, akalelewa na mapadre huko pwani, na hakujua alizaliwa wapi. Wazee walipomuuliza kwao ni wapi, alisema, "Ninapofundisha."

Kosa alilolichukia kuliko yote ni uongo. Ukichelewa ulisimama mbele ukatoa sababu, na kama ilikuwa ya kweli, hata iwe ya aibu namna gani, uliambiwa uketi. Kama ilikuwa ya uongo ulichapwa. Nilimpenda kwa jambo hilo. Nyumbani watu wazima walikuwa na maneno ya kunong'ona na maneno ya kusema, na mtoto hukujua uyaamini yapi. Kwa Mwalimu Matia maneno yalikuwa ya aina moja tu.

Baba yangu alifariki kabla sijaweza kuikumbuka sura yake. Aliyetulea mimi na mama ni kaka yake mama, Mjomba Mponda, mchonga mitumbwi na mtega samaki. Alikuja kwetu na kambale wa moshi waliotungwa kwenye ufito, nami nilimrukia mgongoni kabla hajautua. Mwaka ule aliacha kunibeba. Mama aliniambia mjomba ana vidonda vya homa. Siku moja nilimwona akijipaka mafuta, nikaona vidonda vimejipanga kwa mistari, vikapishana. Nikamuuliza ni homa gani inayotoa vidonda vya mistari.

"Homa ya pamba, mpwa wangu," akasema.

Nikaamini. Sikujua kwamba wanaume walikuwa wakipelekwa kulima shamba la pamba la jumbe, na kwamba aliyeegemea jembe alichapwa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita mbali na mipamba nimeziba pua, nisiambukizwe.

Kiangazi hicho kijito kilipungua sana. Mtoto mmoja wa watu wa chini, wanaochota mwisho wa kijito, akafa kwa kuhara, wengine wawili wakalala wagonjwa. Watu wa chini wakaanza kusema kwamba watu wa juu wamewaroga. Mwalimu Matia aliyasikia maneno hayo, na jioni moja kabla ya kutuachia akasema, "Kesho hatuingii darasani. Njooni na chakula. Tutakwenda kukitazama kijito."

Tulikijua kijito kile tangu tulipozaliwa, kwa hiyo tulicheka kwamba tunakwenda kukitazama. Lakini tulikuja wote, kila mmoja na viazi vyake kwenye jani la mgomba. Mwalimu alikuwa na chupa safi ya kioo, ya divai ya padre, na hatukuwa tumezoea kushika kioo. Tulianzia chini kabisa, pale walipokuwa wakichota wale waliofiwa. Akaichovya chupa, akaiinua juani, akatupitishia mmoja mmoja. Maji yalikuwa na rangi ya uji wa ulezi, na ndani yake vitu vidogo vilikuwa vikiogelea.

"Haya ndiyo wanayokunywa," akasema, akayamwaga.

Tukapanda. Kila baada ya mwendo kidogo alisimama, akatuuliza tunaona nini. Tuliona mihogo iliyolowekwa, na harufu yake ikatufanya tugeuze nyuso, ingawa ilikuwa ya mama zetu na tungeila bila kunusa. Tuliona mbuzi wamesimama majini. Tuliona mahali ambapo mtu alikata miti yote ya ukingoni apate shamba la mahindi, na udongo ulikuwa umemong'onyoka ukaingia ndani. Juu zaidi, kwenye dimbwi lenye kivuli, tulikuta majani ya utupa, ile sumu ya kuvulia samaki, yaliyopondwa yakielea, na samaki wadogo wamegeuza matumbo meupe. Mwalimu akatukataza kuwaokota. Njia nzima alichota, akainua chupa juani, akamwaga, na sisi hatukucheka tena.

Mchana tulifika chemchemi. Wengi wetu hatukuwahi kufika huko, kwa sababu wazazi walisema kuna joka. Maji yalitoka katikati ya mawe mawili, chini ya mizizi ya mkuyu, bila kelele, na mahali pale palinukia majani mabichi na udongo wa baridi. Mwalimu akajaza chupa, akampa Otilia. Otilia akaitazama, akaigeuza huku na huku.

"Mwalimu, haina kitu," akasema.

"Ndivyo yanavyotakiwa kuwa."

Tulikunywa kwa viganja, kisha tukala viazi. Tulipomaliza akatuuliza ni nani aliyemuua yule mtoto wa watu wa chini.

"Hakuna aliyekusudia," akasema. "Mmoja aliloweka mihogo, mwingine alinywesha mbuzi, mwingine alitaka samaki. Kila mmoja alifanya kidogo chake akaenda zake. Kumbukeni, kila anayechota ana mtu chini yake, hata kama hamwoni. Na anayetia dawa majini anaua watu asiowajua."

Hapo chemchemini akatupa kazi. Kila asubuhi wawili kati yetu wangekaa kijitoni mpaka muda wa shule. Akija mtu kuloweka au kunywesha pale pa kuchotea, tumsalimie vizuri na kumwomba asogee chini. Asiyekubali, au tutakaloona likitushinda, tumwambie yeye. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwenye cheo. Mama akasema, "Sawa, askari wangu," lakini hakutabasamu alipotaja neno hilo.

Siku zile watu wazima walikuwa wakinong'ona kuliko kawaida. Nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mama, "Maji yamefika Idete." Siku nyingine, "Maji yatafika kwetu kabla ya mwezi kuandama." Nilishangaa. Mbingu ilikuwa nyeupe, kijito kilikuwa kimekonda, na bado kila mtu alizungumza kama mafuriko yanakuja. Nilimwambia mama tuyahamishie mahindi darini. Akaniuliza nimesikia wapi, kisha akanikataza kuyasema maneno hayo mbele ya mtu yeyote.

Zamu yangu na Otilia iliangukia asubuhi yenye ukungu. Tulipofika kijitoni tulikuta watu, na hawakuwa wachota maji. Walikuwa wanaume, labda thelathini, wamesimama mstari mmoja kimya. Mbele yao alikuwapo mtu mgeni, amejifunga kitambaa kichwani, na karibu naye Mjomba Mponda ameshika chungu kikubwa. Mgeni alikuwa akitia mizizi na punje za mtama ndani ya chungu, akichota maji ya kijito kuongezea. Kila mwanaume aliyefika mbele alinyunyiziwa kichwani na kifuani, akanyweshwa, na yaliyobaki yakarudi kijitoni. Nilimsikia mgeni akisema kwamba mwenye dawa ile hatadhurika, na kwamba watakutana wote Mahenge.

Otilia akanishika mkono turudi nyuma. Mimi nikasogea mbele.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema. "Mwalimu amekataza kutia dawa hapa. Kuna watu wanakunywa chini."

Wanaume wote wakageuka. Mjomba akakitua chungu alichokuwa nacho mkononi, akaja akachuchumaa mbele yangu. Uso wake ulikuwa na maji, ukaonekana kijana.

"Marahaba, mpwa wangu. Hii haiui mtu. Hii inazuia kufa." Akanishika mabega. "Hukuona kitu. Umesikia? Nenda shule."

Nilikwenda shule nikiwa na huzuni, kwa sababu mjomba wangu mpendwa alikuwa ametia dawa majini na pia amenifundisha uongo, yote mawili asubuhi moja.

Baada ya sala, Mwalimu aliuliza kama ilivyokuwa desturi, "Walinzi wameona nini?" Otilia aliinamisha kichwa. Mimi nikasimama.

"Mwalimu, mjomba wangu Mponda ametia dawa kijitoni."

"Dawa ya samaki," akasema.

"Hapana, Mwalimu. Walikuwa watu wengi. Kuna mgeni aliwanyunyizia, wakanywa."

"Keti, Verena."

Otilia akanivuta nguo. Sikuketi. Nilidhani Mwalimu ananiona mwongo, nami sikuwa mwongo, na njia niliyoijua ya kuonyesha hivyo ni kusema yote. "Na wamesema watakutana Mahenge," nikamalizia.

Mwalimu Matia aliweka chini kipande cha chokaa alichokuwa nacho. Mstari wa mbele alikaa Salumu, mtoto wa akida aliyewekwa na Mdachi kututawala, mvulana mdogo mwenye kofia nzuri, ambaye siku zote alipofika kwao aliulizwa amejifunza nini. Mwalimu alimtazama Salumu, akanitazama mimi, kisha akasema tumemaliza kwa leo. Hakuwahi kutuachia asubuhi. Watoto wakatoka mbio kwa furaha, Salumu miongoni mwao. Mwalimu naye akatoka, akashika njia ya kwa mjomba, akitembea haraka mno hata kanzu ikawa inamnasa miguuni. Nikafurahi. Nilijua anakwenda kumwonya.

Alasiri akida alikuja na askari wawili, akaamuru watoto wakusanywe shuleni na wazazi waje. Mwalimu alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni, amejaa vumbi.

"Mtoto wa dada yake Mponda alisema nini leo?" akida akamuuliza.

"Aliona watu wakivua kwa utupa," Mwalimu akajibu. "Nimewafundisha watoto wauchukie utupa. Ni hayo tu."

Nilimtazama. Mtu ambaye hakuwahi kusema uongo alikuwa ameusema mbele ya watu wote, kwa sauti ileile aliyotufundishia kuhesabu. Akida akaniita kwa upole. Akauliza kama mwalimu wangu amesema kweli. Nilimwona mama nyuma ya watu, ameweka mkono mdomoni. Sikuelewa. Kitu pekee nilichoweza kufikiri ni kwamba Mwalimu amechoka kwa jua, na kwamba nikimsaidia kukumbuka hataadhibiwa na Mungu.

"Amesahau," nikasema. "Haikuwa utupa."

Walimlaza pale pale, mbele ya kibanda, wakampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Akida alimuuliza Mponda yuko wapi, na Mwalimu hakujibu. Nilihesabu viboko, kwa kuwa yeye ndiye aliyetufundisha kuhesabu, na nilipofika kumi na tisa nikashindwa kuendelea. Kisha wakaenda kwa mjomba. Walikuta moto wa jikoni haujazimika na mtumbwi haupo. Wakaichoma nyumba.

Jioni ile mama alinipa chakula. Yeye hakula. Nilingoja anipige, na nilitaka anipige, lakini alitandika mkeka wangu kama siku zote. Baada ya siku tatu akanipa mafuta ya nyonyo kwenye kibuyu kidogo, akanituma kwa Mwalimu.

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha kamba. Nikamwambia, "Mwalimu, nisamehe."

"Ulisema uongo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa unaomba msamaha wa nini?"

Sikuweza kulitaja, nikalia. Akaningoja ninyamaze, kisha akasema bila kugeuza kichwa, "Niliwafundisha kusema kweli. Sikuwaambia kwamba wapo wanaoitafuta kweli ili wamuue mtu. Hilo ni kosa langu, si lako. Haya, nipake. Taratibu."

Nikampaka. Mistari ilikuwa ileile ya mjomba, na hapo ndipo nilipojua kwamba homa ya pamba haikuwapo.

Vita vilianza kabla mgongo wake haujapona. Wanaume walipita kwa makundi, wamejifunga vitambaa vichwani, wakielekea kivukoni na Mahenge. Akida alikimbia na watu wake, sikusikia tena habari za Salumu. Shule ilichomwa, kwa kuwa ilikuwa ya Wazungu, lakini Mwalimu Matia hakuguswa. Waliokuja kuichoma walisema Mponda amekataza.

Kutoka kwetu walikwenda wanaume kumi na mmoja, wakarudi wawili. Walisema kwamba kule bomani bunduki kubwa za Mdachi, zile bombomu, ziliwaangusha watu kama mtama unaofyekwa, na kwamba Mjomba Mponda alikuwa mbele. Walisema walikuwa wameambiwa risasi zitageuka maji. Watu wazima walisikiliza wakiwa wameinama. Mimi nilikaa kando nikiwa na siri iliyonikosesha usingizi kwa miaka. Nilijua kwa nini dawa ilishindwa. Walichota pale chini, penye mihogo na mbuzi. Kama ningewaambia kwamba maji masafi yako chemchemini, wangepanda wakachota huko, na mjomba wangu angerudi. Niliwaza hivyo mpaka nikawa msichana mkubwa.

Baadaye wakaja askari wengi, wakachoma maghala ya mpunga na mtama, kijiji baada ya kijiji. Maji ya chini hayakuweza kunyweka, na sababu yake sitaiandika. Mama na majirani hawakujua pa kwenda, ndipo mimi na Otilia tukasema kwamba tunaijua njia. Tuliwapeleka juu, hadi kwenye yale mawe mawili. Tulikaa huko miezi, tukila ndiga, mizizi ya porini inayoua isipolowekwa siku nyingi kwenye maji yanayotembea. Mwalimu Matia alikuwa nasi. Alichagua mahali pa kuloweka, mbali chini ya chemchemi, akaweka kigogo kuwa mpaka, na hata wenye njaa kali hawakukivuka. Wadogo wawili wa Otilia walikufa huko. Mwalimu naye alikufa kabla ya mvua, kwa homa na udhaifu. Siku za mwisho aliomba jambo moja tu, tusimzike karibu na maji. Tukambeba bondeni, upande wa pili wa kilima, wanawake na watoto, tukipumzika mara nyingi njiani.

Nilimuuliza mama juu ya mjomba nilipokuwa nimekwisha kuolewa na nina watoto watatu. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia, nikamkuta jikoni anachambua mchele. Nikamuuliza kama Mjomba Mponda alijua kwamba ni mimi niliyesema.

"Alijua," mama akasema. "Mwalimu alimwambia. Alipita hapa nyumbani kuniaga, kasia likiwa mkononi."

"Akasema nini?"

"Akasema nisikupige." Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Akasema wanaume thelathini walikuwa pale wamekunywa dawa ya ushujaa, na aliyekuja mbele kuwakataza ni mtoto wa kike. Alicheka. Kisha akasema usiachishwe shule."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote ile.

"Nilikuwa nangoja uulize," akasema. "Niliona kama nikianza mimi, utadhani nakusamehe, na mimi sikuona kosa lako la kusamehe."

Hakuinua uso. Nilikaa chini kando yake, nikavuta ungo upande wangu, tukachambua mchele ule pamoja mpaka ukaisha.